Kuteremka na Reli ya Zamani: Nakuru, Londiani, Fort Ternan hadi Uwanda wa Kano

Jumatatu: Nakuru hadi Londiani

Safari hii naifuata reli, si barabara kuu. Nataka kuijua Fort Ternan, mji mdogo ulio ukingoni mwa kaunti ya Kericho, pale milima inapoachana na uwanda wa Kano. Anayekwenda Kisumu kupitia Kericho hapiti huko, na ndiyo maana Wakenya wengi wanaujua kwa jina tu, tena kutoka kitabu cha historia cha shule. Mimi naamini mji huu hauwezi kueleweka kwa kuufikia kutoka upande wowote. Unapaswa kuufikia vile treni ilivyoufikia: kutoka juu, kupitia Mau, kituo baada ya kituo, huku ukiona nchi ikibadilika dirishani.

Asubuhi Nakuru kuna baridi ya kawaida. Mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na reli ya Kisumu ikitoka hapa inaanza kupanda mara moja: Njoro, Elburgon, Turi, Molo, kisha Mau Summit. Matatu yetu nayo inapanda. Njoro inajulikana kwa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Elburgon ni mji wa mbao. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti, na marufuku hiyo ikadumu zaidi ya miaka mitano na kuvifunga viwanda vya kupasua mbao. Dereva ananionyesha upande wa viwanda hivyo bila kusema neno. Molo ni viazi, kabeji na kondoo.

Mau Summit ndiyo kilele cha reli ya Kisumu, zaidi ya mita 2,500. Kutoka hapo hadi ufuoni mwa Ziwa Victoria, ambalo liko takriban mita 1,134, treni ina kazi ya kushuka karibu mita 1,400. Shikeni takwimu hiyo moja, kwa sababu kila nitakachokisimulia siku zinazofuata kinatokana na mteremko huo.

Tunapita Londiani Junction kabla ya kukata kuelekea mjini. Wachuuzi wapo kando ya barabara na magunia ya viazi na mitungi ya maziwa. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo hapa likawagonga watu sokoni na kituoni, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Abiria mmoja nyuma yangu anafanya ishara ya msalaba. Makanga anapunguza sauti ya redio mpaka tunapopita.

Jumanne: Londiani

Usiku nimelala chini ya blanketi tatu. Londiani ni baridi kali, na watu wake hawavui makoti kabla ya saa nne.

Ukiutazama mji huu leo, na barabara yake ya maduka ya mabati na stesheni iliyonyamaza, huwezi kudhani kwamba palikuwa mlango wa Uasin Gishu. Kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924, mizigo ya walowezi wa uwanda ule ilishushwa katika stesheni ya Londiani, ikapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe na kuvutwa kwenda kaskazini kupitia msituni na matopeni. Reli mpya ya Uasin Gishu ilipochepuka kutoka Nakuru moja kwa moja, Londiani ilikatwa. Mji mzima ulipoteza kazi kwa sababu mhandisi alichora mstari mahali pengine. Fort Ternan nayo ilipitia jambo kama hilo, ila kwa barabara.

Kilichoisimamisha Londiani tena ni miti. Chuo cha misitu kimekuwa hapa tangu 1957, na sehemu kubwa ya walinzi na maafisa wa misitu wa Kenya wamepitia mikononi mwake. Nimetembea asubuhi pembeni mwa mashamba ya misonobari na mikaratusi, na juu yake kuna msitu wa asili wa Mlima Londiani. Mvua inayonyesha kule juu inagawanyika: upande mmoja inakwenda Bonde la Ufa, upande mwingine inakwenda ziwani. Kijito nilichokivuka kwa kuruka mawe ni sehemu ya maji yatakayoitwa Kipchorian, na mbele zaidi yataitwa Nyando. Nitakuwa nayo mpaka mwisho.

Jumatano: Kipkelion

Barabara ya lami ya Londiani hadi Muhoroni inafuata bonde lile lile la reli. Hapa ndipo wajenzi wa reli walipopata taabu. Kutoka Mau hadi chini, makorongo ni mengi na udongo ulikuwa unateleza kwa mvua, hivyo ikabidi yajengwe madaraja marefu ya chuma yapatayo 27, na kazi ile ikapewa kampuni ya Marekani iliyoleta vyuma vikiwa vimekwisha kukatwa tayari kuunganishwa. Kati ya Kipkelion na Fort Ternan kuna pia handaki, na pale karibu pakaitwa Tunnel hadi leo.

Nimeshuka hadi relini nikatembea kidogo kando yake na kijana wa bodaboda aliyenileta. Mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, ni ya chuma, yamepinda kingo kwenda chini ili yang'ang'anie kokoto. Ukiinama unaona mahali ambapo kutu imekula, na mahali ambapo bolti mpya zimefungwa. Reli hii ilikarabatiwa baada ya kukaa miaka mingi bila huduma ya maana, na treni ya abiria ikarudi Kisumu mwishoni mwa 2021. Kijana ananiambia kwamba siku treni ya kwanza ilipopita watoto walitoka shuleni kuitazama na walimu hawakuwazuia, kwa sababu walimu wenyewe walikuwa wametangulia.

Kipkelion yenyewe iliitwa Lumbwa kwenye ratiba za zamani za treni. Lumbwa ndilo jina ambalo wageni waliwabandika Wakipsigis, na Wakipsigis hawakulipenda. Kurudisha jina la Kipkelion kulikuwa haki.

Jambo moja la Kipkelion limenikaa moyoni. Watawa Wakatoliki wa shirika la Trapisti walikuwa na monasteri yao upande huu tangu 1956, wakilima na kuomba kwa ukimya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipochoma Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, watu wengi walikimbia, na watawa hao nao hatimaye wakahamia Uganda. Mama aliyeniuzia chai na mandazi anakumbuka kengele yao. Hakutaka kuzungumzia mengine ya mwaka huo, nami sikumsukuma.

Alhamisi: Fort Ternan

Nimefika. Mji ni barabara moja yenye maduka pande zote, soko, makanisa, stesheni chini, na mashamba yanayoanza nyuma ya duka la mwisho. Joto limebadilika kabisa. Koti la Londiani liko mkobani. Kaskazini umesimama Mlima Tinderet, mpana, umejaa mashamba ubavuni, na ukitazama magharibi nchi inafunguka na unaona kwa mbali weupe wa joto juu ya uwanda wa Kano.

Jina la mji ni la Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza aliyewahi kukaimu ukamishna wa Uganda katika miaka ya 1890. Watu hushangaa: Uganda imeingiaje hapa? Iliingia kwa sababu wakati huo hapa palikuwa Uganda. Nchi yote kuanzia Naivasha hadi ziwani ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda mpaka mwaka 1902, ilipohamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Ngome ilijengwa kulinda njia ya kwenda ziwani, na baadaye reli.

Ilinde dhidi ya nani? Dhidi ya wenye nchi. Wanandi walipigana na Waingereza kwa vipindi kuanzia 1895, wakichukua nyaya za simu na vyuma vya reli kutengenezea silaha na mapambo, wakishambulia misafara na kurudi milimani. Inasimuliwa kwamba Kimnyole, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, aliyeuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, alikuwa ametabiri nyoka wa chuma atakayekuja akitema moshi. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza vita vile hadi tarehe 19 Oktoba 1905, alipopigwa risasi na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza, katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya hapo Wanandi wa Kamelilo na Kapchepkendi, waliokuwa wakiishi miteremko hii ya Tinderet na kando ya reli, waliondolewa kwa nguvu na kusukumwa kaskazini. Ardhi yao ikakatwa mashamba ya walowezi.

Nayaandika haya kwa sababu kitabu changu cha shule kilisema reli "ilifungua" nchi. Kwa aliyefukuzwa Tinderet, reli ilifunga mlango.

Jioni nimekaa na mzee mmoja aliyefanya kazi relini kwa ujana wake wote. Nimemwamkia kwa "Chamgei", naye akacheka kwa matamshi yangu akajibu "Chamgei mising", akaagiza mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kwa ajili yangu. Mursik ya Fort Ternan ina rangi ya kijivu ya mkaa wa mti wa senetwet, na ladha ya moshi inabaki ulimini. Nilimuuliza ni nini alichokipenda kazini.

"Mwanangu," akasema, "treni ya mizigo ikipanda kutoka Muhoroni ikiwa na sukari, unaisikia saa nzima kabla hujaiona. Inalia kwenye kona, inanyamaza, inalia tena. Mke wangu alikuwa akisikia mlio wa kwanza ndipo anaweka ugali."

Ijumaa: Fort Ternan, kilimani

Leo nimeamka mapema kwenda mahali ambako, kwa maoni yangu, kila mtoto wa Kenya anafaa kupelekwa mara moja.

Katika shamba lililokuwa la mlowezi Fred Wicker, kwenye mteremko, mwaka 1961 Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, na wachimbaji wake walipata vipande vya taya la juu la sokwe wa kale pamoja na jino la chonge. Mwaka uliofuata akampa jina la kisayansi Kenyapithecus wickeri: nchi mbele, mwenye shamba nyuma. Umri wa tabaka lile ni takriban miaka milioni 14. Leakey aliamini kwamba amempata babu wa moja kwa moja wa binadamu. Wataalamu waliomfuata hawakukubali. Wanamweka miongoni mwa sokwe wa kipindi kile, na jamaa yake wa karibu amepatikana mbali sana, Uturuki. Hilo halimpunguzii thamani. Linaonyesha kwamba wanyama wa ukoo huu walitembea kati ya Afrika na Asia zamani hizo, na kituo kimoja cha njia hiyo ndefu ni hapa, juu ya stesheni ndogo ya Kericho.

Hapakuwa na sokwe peke yake. Maelfu ya visukuku vilitoka katika shimo hili dogo: swala wa aina kadhaa, jamaa za twiga, vifaru, ndovu wa kale. Mmoja wa swala hao anaitwa Kipsigicerus, yaani ana jina la Wakipsigis ndani ya vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Nilimwambia hilo kijana aliyenisindikiza, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayekaa mwendo wa dakika chache kutoka hapa. Hakuwahi kuambiwa. Alilitamka mara kadhaa, kisha akaniomba nimwandikie nyuma ya daftari.

Kwa nini mifupa ilidumu hapa na si kwingine? Tinderet ni volkano iliyozimika. Ilipokuwa hai ilitoa jivu la aina ya pekee, lenye chokaa nyingi. Udongo wa kawaida wa nchi ya mvua huwa na tindikali na huula mfupa mpaka ukaisha. Jivu la chokaa hufanya kinyume: linaufunika mfupa, linagandamana, na madini yanachukua nafasi ya kilichooza. Nilichuchumaa ukingoni mwa mahali palipochimbwa nikatazama tabaka kwa karibu bila kugusa. Ni udongo wa kahawia, juu yake kuna safu ya kijivu iliyo ngumu kidogo, kisha kahawia tena, na ndani ya ile ya kijivu kuna vitobo vidogo vyembamba. Katika matabaka ya aina hii watafiti wamepata hata mabaki ya nyasi zilizofukiwa zikiwa zimesimama, na kutokana na nyasi hizo ukazuka ubishi wa miaka mingi, kama Fort Ternan ya wakati ule ilikuwa msitu au mbuga yenye miti michache.

Eneo liko chini ya Makumbusho ya Taifa. Usichukue kitu, hata kipande kidogo kama ukucha. Kisukuku kilichoondolewa mahali pake kinapoteza nusu ya habari zake, maana hakuna atakayejua tena kilikuwa tabaka gani.

Mchana tulishuka kupitia mashamba ya kahawa. Watu wengi wakisikia Kericho hufikiria chai, lakini upande huu wa Kipkelion na Fort Ternan ni chini na kuna joto zaidi, na zao lake ni kahawa. Kwenye kiwanda cha ushirika akina mama walikuwa wamekaa juu ya maturubai wakichagua matunda, mekundu upande huu, mabichi na yaliyokaukia mtini upande ule. Yaliyochaguliwa yanapimwa, karani anaandika kilo kwenye kadi ya mkulima, kisha yanaingia kwenye mashine ya kumenya. Maganda yanatoka upande mmoja, mbegu zenye utelezi zinaingia kwenye birika kuchachuka usiku kucha, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vitanda vya waya. Mama mmoja alinitilia kiganja cha mbegu zilizokauka akaniambia nizitikise karibu na sikio. Zikilia kavu, ziko tayari.

"Na wewe unakunywa kahawa, mama?" nikamuuliza.

"Chai, baba. Kahawa ni karo ya watoto."

Jumamosi: Koru na Muhoroni

Kutoka Fort Ternan hadi Koru ni mteremko mfupi, na unavuka mpaka wa kaunti kuingia Kisumu. Lugha sokoni inageuka Kijaluo, samaki wanaanza kuonekana, lakini ndizi za Kisii na maziwa ya Kipsigis bado yapo. Wanawake wa pande zote mbili wanajuana kwa majina.

Koru inapasua mawe ya chokaa. Vumbi jeupe limetanda juu ya majani karibu na machimbo, na chokaa hii ni ya volkano ile ile ya Tinderet iliyohifadhi mifupa jana. Hata hapa mifupa imo: katika miaka ya 1920 daktari mlowezi aliokota visukuku, vikapelekwa London, na mwaka 1933 sokwe wa Koru akaitwa Proconsul. Ni wa kale kuliko yule wa Fort Ternan kwa miaka milioni kadhaa. Songhor, upande wa pili wa Muhoroni, nako akapatikana ndugu yake mkubwa zaidi wa umbo. Vijiji vitatu, matabaka matatu, vyote chini ya mlima mmoja.

Lakini ukitaja Koru kwa Mkenya aliyezaliwa kabla ya 1980 hatafikiria sokwe. Atamfikiria Dakta Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, aliyetoweka nyumbani kwake hapa Februari 1990 na mwili wake kupatikana kilimani Got Alila tarehe 16. Nimepita karibu na boma kwa heshima bila kupiga picha. Kilima cha Got Alila kinaonekana barabarani, kimevaa vichaka, na mwenye bodaboda alikiashiria kwa kidevu tu. Zaidi ya miaka thelathini imepita na uchunguzi baada ya uchunguzi, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Muhoroni nimekaa muda mfupi. Ni nchi ya miwa. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi ya Muhoroni, Koru, Tamu na Songhor yaligawanywa kuwa makazi ya wakulima wadogo, na viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil vikajengwa katika miaka ya 1960. Madeni yalivizonga kwa miongo, na mwaka 2025 serikali ikavikodisha kwa wawekezaji wa kibinafsi. Wakulima niliozungumza nao wanataka jambo moja, walipwe kwa wakati baada ya miwa kuvunwa. Hawaombi msaada.

Jumapili: uwanda wa Kano hadi Kisumu

Hapa chini hakuna mlima tena. Kibigori, Miwani, Kibos: vituo vinapitwa haraka, na ardhi ni tambarare hadi macho yachoke. Miwani ndiko kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilikojengwa, 1922. Kibos walikaa wakulima wa Kihindi tangu siku za mwanzo za reli, baadhi ya jamii ile iliyoletwa kwa maelfu kutandika mataruma.

Mto niliouruka Londiani sasa ni Nyando, mpana, wa rangi ya udongo. Mvua kubwa ikinyesha Tinderet na Mau, mto huu unapanda kingo na kuingia nyumbani kwa watu wa Ahero na vijiji vya Kano, hata kama mbingu ya Kano yenyewe ni kavu. Mama mmoja aliyehama na kurudi mara nyingi alinionyesha alama ya maji ukutani, juu ya kimo cha kiuno changu. Msitu ukikatwa Londiani, alama hiyo inapanda Ahero. Nimeona pande zote mbili kwa juma moja, na siwezi tena kuzungumzia moja bila nyingine.

Kisumu nimefika alasiri. Reli ilifika hapa Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli, aliyegonga msumari wa mwisho.

Kwa anayetaka kufuata njia hii: panda matatu ya Londiani kutoka Nakuru, kisha ubadilishe hapo kwa gari la Muhoroni linalopitia Kipkelion na Fort Ternan. Beba koti kwa baridi ya huko juu na kofia kwa jua la huko chini. Fort Ternan usipite kwa saa moja, lala. Ukifika kilimani, tafuta mwenyeji akuongoze na umlipe, na kama ni mwanafunzi, mwambie habari za Kipsigicerus.